Dalali, saa yako ya ukutani sitaki, kamalize bili ya maji uliyoniachia

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira na uzi utakuwa mrefu, asiyeweza apite, ila kama unajipanga kununua nyumba hapa Dar nakuomba usome maana yaliyonikuta mimi mwezi uliopita yanaweza kukukuta na wewe.

Hivi hawa madalali wa siku hizi nani kawafundisha hii tabia ya kumkabidhi mteja zawadi siku ya kukabidhiana nyumba? Maana imekuwa fasheni sasa, kila dalali mwenye suti na ukurasa wa Instagram anapiga picha na mteja kashika ufunguo mkono mmoja na mkono mwingine boksi lenye utepe mwekundu. Zamani nilikuwa naziona hizo picha naona ni ustaarabu, najisemea angalau madalali nao wameanza kuheshimu wateja. Mpaka lilipokuja kwangu.

Mimi ni mfanyabiashara wa mitumba pale Karume, nguo za watoto. Miaka tisa nimeweka hela, kikoba, mchezo, kuna mwaka Idi imepita sijanunua hata gauni jipya, ili nitoke kwenye kupanga. Mwaka huu Mungu akajalia nikapata nyumba Kivule, vyumba vitatu, ina fensi, milioni sitini na nane. Dalali nilimpata kwa tangazo la mtandaoni, kijana mtanashati, anaongea vizuri, kila neno mama yangu, mama yangu. Kabla hata sijaiona nyumba nimemlipa elfu ishirini ya kuzungushwa, na zile siku nne alizonipeleka kwenye nyumba ambazo alijua kabisa bajeti yangu haifiki bodaboda nalipa mimi, yake na yangu. Tukakubaliana nikinunua nampa milioni mbili. Nikampa, siku ile ile, mbele ya wakili, na bado akaniomba ya maji ya vijana wake wawili ambao sikujua hata walikuja kufanya nini.

Sasa siku ya makabidhiano tumefika pale nyumbani, nimeongozana na mdogo wangu na mwanangu wa mwisho, nimebeba chumvi na mkaa kidogo vya kuingia navyo ndani kama marehemu mama alivyokuwa anafanya. Dalali kaja na mpiga picha! Nikashangaa, ila nikanyamaza. Akatoa doti ya khanga na boksi, akasema mama yangu hii ni zawadi kutoka ofisini kwetu, karibu nyumbani. Nikapigishwa picha kama bibi harusi, shika hivi, geuka huku, inua ufunguo, tabasamu mama. Nikatabasamu kweli, maana furaha nilikuwa nayo na sikutaka kumvunjia mtu heshima.

Usiku nafungua boksi nakuta saa ya ukutani, ile ya plastiki yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Na humo katikati ya saa, chini ya namba kumi na mbili, kuna picha ya dalali mwenyewe! Kavaa suti ya bluu, kakunja mikono kifuani, anacheka, na chini yake namba tatu za simu na maneno TUNAUZA, TUNAPANGISHA, VIWANJA. Mshale wa sekunde ukizunguka unampita usoni. Mwanangu ananiuliza mama huyu ni nani, nimjibu nini? Niitundike sebuleni kwangu, kwenye nyumba niliyoitafuta miaka tisa, sura ya mwanaume ambaye sijui hata kwao wapi? Hiyo ni zawadi au bango la biashara? Mabango yanalipiwa jamani, mwenye ukuta hulipwa kodi yake. Kizuri chajiuza, angefanya kazi yake vizuri ningemtangaza mwenyewe kwa mdomo wangu Karume nzima, na pale Karume neno linatembea kuliko redio.

Haya, hilo la saa ningemeza. Kumbe kesho yake asubuhi picha zangu zipo kwenye stetasi yake, zipo Instagram, zipo kwenye magrupu ya WhatsApp ya viwanja na nyumba, na maandishi makubwa, mama wa Karume kamiliki mjengo wake Kivule. Mimi nilikuwa sijamwambia mtu! Nilipanga niwaambie ndugu taratibu, kwa mpangilio wangu, shemeji zangu kwanza. Kufika saa nne asubuhi nimepigiwa simu na watu sita, wanne wanataka kukopa, mmoja ni mtu ninayemdai mimi anasema kumbe hela unazo ulikuwa unanisumbua nini, na mwenzangu wa kikoba kanuna mpaka leo kwa nini kasikia mtandaoni. Na sasa kila kibaka anajua mwanamke anaishi Kivule na watoto, na nyumba yenyewe geti lake linaonekana kwenye picha. Kwa taarifa yako dalali kama unapita humu, nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura yangu sio mali yako kisa umenipa khanga.

Tuje kwenye kilichonifanya niandike. Wiki ya kwanza nanunua umeme wa elfu ishirini na tano, zinakuja uniti kumi na moja. Nikadhani kijana wa duka kanikosea namba. Akanionyesha meseji, elfu ishirini na moja imekatwa deni. Kumbe nyumba ilikaa miezi kumi na nne haina mtu, hakuna aliyenunua LUKU, na ile kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi inayokatwa kwenye umeme imejilimbikiza yote ikanisubiri mimi. Sawa, ni elfu ishirini na moja, haiui. Nikaenda kuulizia maji, mita imeng'olewa, bili ya nyuma laki tatu na elfu kumi na saba. Siku ya tano shimo la choo likafurika, limejaa zamani sana halikuwahi kunyonywa, gari la maji taka elfu tisini. Ufunguo wa mlango wa nyuma aliyenao wa pili hajulikani, nikabadilisha kitasa usiku maana usingizi haukuja kabisa, nimekaa kitandani nasikiliza kila paka anayepita.

Nampigia dalali. Inaita haipokelewi. Meseji tiki za bluu, kimya. Namba ya pili ile ile ya kwenye saa, haipatikani. Ya tatu anapokea binti anasema bosi yuko saiti na mteja. Wiki mbili bosi yuko saiti! Ila stetasi anapandisha kila siku, mteja mwingine, boksi lingine, utepe mwekundu ule ule.

Ikabidi nimtafute muuzaji mwenyewe, mzee wa watu, yuko Morogoro kwa mwanae anaumwa miguu. Nikamsalimia shikamoo baba, nikamweleza. Mzee akasikitika sana, akasema mwanangu bili ya maji nilimwambia kijana alipe kwenye hela yake ya cha juu akakubali. Nikauliza cha juu gani baba? Akasema sisi tulikubaliana mimi nishike sitini na mbili, kitakachozidi chake. Niliishiwa nguvu, nikakaa chini palepale juu ya belo la mitumba. Yaani kanichukulia milioni sita ya juu bila kuniambia, na milioni mbili nimempa kwa mkono wangu kama ujira wake, jumla nane, na humo kwenye nane hizo alikuwa na jukumu la kulipa laki tatu na kitu za maji akaona bora anunue saa ya kuweka sura yake. Wakuu hiyo saa na hiyo khanga nimejinunulia mwenyewe, kwa hela yangu, kisha nikaambiwa niseme asante mbele ya kamera.

Najua wapo watakaosema dada acha roho mbaya, mtu kakupa zawadi unalalamika, wengine hata soda hawatoi. Na wapo watakaosema mambele ndio wanavyofanya. Sawa, tuongelee huko mambele. Binti wa mama yangu mdogo anaishi Houston, Marekani, kanunua nyumba mwaka juzi, na yeye wakala wake alimpa zawadi, ubao wa kukatia mboga wamechonga jina la familia yao, jina LAO, sio la wakala. Ila nimeongea naye juzi nikamuuliza kilichofanyika kabla ya huo ubao. Anasema siku moja kabla ya kusaini walipita nyumba nzima na wakala, wakafungua kila bomba, wakawasha kila taa, wakavuta maji chooni. Kuna kampuni ya kati inashika hela, inapekua hati na madeni, kodi ya jengo ya muuzaji inapigiwa hesabu mpaka siku ile na inakatwa kwenye hela yake kabla hajaishika. Kamisheni ya wakala ipo kwenye karatasi, kila mtu anaiona. Na hata huko sio kwamba wamejiachia tu, mamlaka yao ya kodi inamruhusu mfanyabiashara kutoa kwenye hesabu za kodi dola 25 tu kwa mtu mmoja kwa mwaka, na kuna sheria yao ya 1974 inayokataza kumpa mtu kitu ili akuletee mteja kwenye mambo ya nyumba. Wetu amechukua kipande kimoja tu cha huko, kile cha kupiga picha, kazi yenyewe kaiacha hukohuko. Kenya tu hapo jirani mawakala wa nyumba wana sheria yao toka 1984 na bodi ya kuwasajili. Mimi huyu wangu niende kumshtaki kwa bodi gani?

Mwaka 2011 nilipokuja mjini kutoka Korogwe nilipangishiwa chumba Manzese na mzee mmoja dalali, kanzu imechakaa, ofisi yake benchi chini ya mwarobaini. Alichukua mwezi mmoja wa udalali kama kawaida, hakunipa hata kibiriti. Ila siku ya pili jioni nasikia hodi, mzee kaja na fundi umeme maana aliona soketi imelegea siku ananionyesha chumba, akasimama mpaka ikafungwa, akakataa hela. Kisha akanipeleka kwa mjumbe akanitambulisha, huyu binti ni mgeni wangu, akipata shida mniite. Miaka mitano nimekaa pale na kila mtu aliyekuwa anatafuta chumba nilikuwa nampeleka kwa mzee, na hakuwahi kuniambia nimletee mteja.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu, zawadi za madalali siku ya makabidhiano sizitaki, na wewe usiipokee kabla hujaona risiti ya mwisho ya maji, hujanunua umeme wa elfu mbili palepale ukaona kama unaingia, hujapewa funguo zote, hujaonyeshwa bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, na majirani, na hujamuuliza muuzaji uso kwa uso bila dalali kuwepo yeye anashika shilingi ngapi. Hilo la mwisho ningelifanya mimi ningeokoa hela ya kupiga plasta vyumba vyote. Hati nashukuru Mungu iko salama, upekuzi nilifanya kwa wakili wangu mwenyewe na dalali alikasirika kweli siku ile, akasema mama yangu huniamini. Wakimaliza yote hayo wakitaka kutoa khanga watoe, nitajifunga. Bila sura na bila mpiga picha.

Kwa sasa mita ya maji haijarudi. Nanunua maji ya kisima dumu kwa dumu, mwanangu anasukuma toroli kabla ya kwenda shule. Saa nimeirudisha kwenye boksi lake na utepe wake, nimeweka na risiti ya gari la maji taka, ya kitasa, na bili ya maji ambayo haijalipwa. Jumamosi sifungui meza, naenda ofisini kwake Banana na mdogo wangu, nimeshaongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wetu kasema atakuja. Picha zangu azifute mbele yangu, na alipe bili ya maji aliyomwahidi mzee. Mwenye kujua kesi ya namna hii inapelekwaje, kama ni baraza la kata au mahakama ya mwanzo, tafadhali anielekeze hapa chini kabla ya Jumamosi.