Tupeane uzoefu: watengeneza programu wa Tanga, mnatumia lahajedwali (spreadsheet, kama Excel) gani na limeshawafanyia nini?

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Naanza mimi. Nilikuwa natengeneza mfumo wa kikoba kimoja huku Ngamiani. Katibu akanitumia CSV (faili la maandishi matupu, data zimetenganishwa kwa koma) ya wanachama, namba za NIDA, zile za kitambulisho cha Taifa, zimeandikwa bila vistari. Nikaifungua kwa Excel, nirekebishe majina mawili tu. Safu nzima ikaja kwa mtindo wa 1.98705E+19, yaani namba imefupishwa. Nikaibadilisha iwe namba kamili: tano za mwisho zote sifuri! Excel inashika tarakimu 15, NIDA ina 20. Na zile nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo ukitazama juu juu unaona mambo shwari. Nikahifadhi juu ya faili lile lile. Haya, semeni na nyie.

Fundi wa Mabawa: Pole mkuu. Ndiyo maana mimi ni mtu wa LibreOffice Calc. Ukifungua CSV inakuuliza kwanza. Unabofya safu, unachagua "Text", basi. Ni ya bure, na kilaptopu changu cha Linux kinaiweza. Ila mteja akikuletea faili lenye makro za VBA (vijiprogramu vya ndani ya Excel), jiandae, nyingi zinagoma.

Mama Kodi: Google Sheets. Tulikuwa watatu kwenye hesabu za machungwa, mmoja Muheza shambani na simu, sisi mjini. Apps Script, ya kuandikia programu ndani ya Sheets, ni JavaScript, sikujifunza kitu kipya. Mtu akiharibu, narudisha toleo la jana. Kikomo seli milioni 10, lakini bando linaisha kabla hujafika huko 😂 Na sifuri ya mwanzo ya namba ya simu Sheets nayo inaila vile vile, msidanganyane.

Raskazone: Kupokea data sitaki lahajedwali kabisa. Naandika programu kwa Python, data naweka SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja), nikimaliza namtolea bosi xlsx, faili la Excel, aione. Oktoba 2020 Uingereza waligundua majibu karibu 16,000 ya Uviko yameachwa nje ya hesabu kwa kutumia .xls, faili la Excel la zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Hiyo ni serikali, sembuse kikoba.

Fundi wa Mabawa: @Raskazone katibu wa kikoba umpe SQLite? Atakufukuza.

Mwanzisha mada: 😂 Kweli. Nimehamia Calc, na faili la asili siligusi, nafanyia kazi nakala. Zile NIDA tulizirudia na katibu barazani kwake: yeye anasoma kitambulisho, mimi naandika. Wanachama 43. Watatu walikuwa wamesafiri.