Watazamaji wa ndege Tabora: hadi lini tutalipia kiingilio ili tuonyeshwe ndege wa Marekani?

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nafungua uzi huu baada ya kuyapeleka malalamiko yangu kwa viongozi wa kikundi chetu kwa utaratibu uliowekwa, kwanza kwa mdomo na baadaye kwa barua, na kujibiwa mara zote kwamba "limepokelewa na litafanyiwa kazi". Hapa mjini Tabora tunacho kikundi cha watazamaji wa ndege, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa wahusika wanajijua, na ambacho pamoja na matembezi ya alfajiri huandaa mazungumzo ya picha kuhusu ndege na wanyamapori. Wanachama tunalipa ada, kisha tunalipa tena kiingilio mlangoni, na mimi fedha hiyo ningeitoa kwa moyo mkunjufu laiti ndege tunaoonyeshwa kwenye projekta wangekuwa ndege ambao mtu anaweza kuwaona akitoka nje ya ukumbi.

Niwape mfano wa mazungumzo yaliyopita, yaliyotangazwa kuwa ni ya ndege wa maeneo yetu. Picha ya kwanza ilikuwa ya tai mwenye kichwa cheupe na mwili wote wa kahawia iliyokolea, naye mtoa mada akatangaza bila kusita kwamba huyo ni furukombe. Yeyote aliyewahi kukaa ukingoni mwa Bwawa la Igombe anajua kwamba weupe wa furukombe hauishii shingoni, bali unashuka hadi kifuani, na kwamba tumbo lake lina rangi ya kutu na mabawa yake ni meusi. Yule tuliyeonyeshwa ni tai wa Marekani ya Kaskazini, ndiye aliyemo katika nembo ya taifa lao, na hajawahi kuvuka bahari kuja kuvua samaki Igombe. Nilinyoosha mkono kueleza hayo kwa adabu, nikajibiwa kwamba tusipoteze muda kwa mambo madogo. Katika kikundi cha kutazama ndege, kutofautisha ndege mmoja na mwingine limekuwa jambo dogo.

Baada ya hapo tukaonyeshwa chozi. Kwa kweli hakuwa chozi. Alikuwa yule ndege mdogo wa Marekani anayeelea hewani mbele ya ua na anayeweza kuruka kinyumenyume, ambaye jamii yake yote haipatikani popote barani Afrika. Chozi wetu naye hunywa maji matamu ya maua kwa mdomo mrefu uliopinda, ila kwa kawaida hutua kwanza kwenye kijiti ndipo akanywa, na jambo hilo mtoto yeyote wa Tabora mwenye ua la bustani nyumbani kwao angelielewa mara moja kama angeonyeshwa picha iliyo sahihi. Watoto walikuwepo ukumbini. Waliandika kwenye madaftari yao walichoambiwa.

Kuhusu korongo domo-kiatu sitasema mengi. Picha yake ilikuwa nzuri, na ndege ndiye haswa, isipokuwa nyuma yake ulionekana ukuta wa saruji na wavu wa bustani ya wanyama, nchi gani sijui. Tunaishi katika mkoa ambao sehemu yake imo ndani ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, lenye ukubwa wa hekta 3,250,000, na ambalo ni miongoni mwa sehemu chache sana nchini anakoishi ndege huyo. Hayo yote hayakutajwa. Tuliambiwa tu kwamba ni ndege wa ajabu na ana sura ya kuchekesha, kisha picha ikabadilishwa.

Linaloniuma zaidi ni miombo. Sisi ni watu wa miombo, na kutazama ndege katika msitu wa miombo kuna ugumu wake ambao wageni wengi huukatia tamaa. Unaweza kutembea muda mrefu bila kusikia hata mlio mmoja, halafu ghafla mti ulio mbele yako ukajaa ndege wa aina nyingi kwa pamoja, wengine wakidonoa magome, wengine wakichakura majani ya juu, wengine wakidaka wadudu wanaokurupushwa, na baada ya dakika chache kundi lote limehamia mbele na kimya kimerudi. Ndege hao huandamana katika makundi mchanganyiko, hasa wakati wa kiangazi, na anayeanza hawezi kuwatambua kwa kasi hiyo asipokuwa amefundishwa mapema nani hukaa juu, nani hukaa kwenye shina na nani hushuka chini. Hapo ndipo mazungumzo ya picha yangekuwa na faida kubwa. Katika muda wote niliokuwa mwanachama sijaona jioni hata moja iliyotengwa kwa ajili ya makundi hayo, ilhali Serengeti na Ngorongoro tumeshazizunguka kwa projekta hadi wengine tunajua picha ya simba itakayofuata.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika mazungumzo hayohayo alikuwepo mzee mmoja mrina asali, mtu ambaye amekuwa akitundika mizinga ya magome porini tangu ujana wake, aliyekuja kwa mwaliko wa mwanachama mwenzetu. Ilipoonyeshwa picha ya ndege wala nyuki, mzee aliomba kueleza habari za yule ndege mwingine aitwaye kiongozi, anayemwita mtu kwa mlio na kumpeleka hadi penye nyuki. Mtoa mada alimkatiza na kumwambia, "Mzee wangu, hadithi za kienyeji tutazipa nafasi mwishoni." Mwishoni umeme ukakatika na watu wakatawanyika, na mzee akaondoka bila kusema neno.

Hadithi za kienyeji! Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi na warina asali wa Kiyao katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa kusini, walichapisha matokeo katika jarida la Science yakionyesha kwamba ndege huyo anaitambua sauti maalumu ambayo Wayao hurithishana kutoka kwa baba zao. Walipotumia sauti hiyo badala ya sauti nyingine yoyote, uwezekano wa kuongozwa na hatimaye kuufikia mzinga wa nyuki ulipanda kutoka kama asilimia 17 hadi 54. Ndege huyo hula nta na ana uwezo wa kuimeng'enya, jambo ambalo wanyama wachache sana wanaliweza, kwa hiyo anamhitaji binadamu mwenye moshi na shoka kama binadamu anavyomhitaji yeye. Isitoshe, hutaga mayai yake katika viota vya ndege wengine, wakiwemo hao hao wala nyuki tuliokuwa tukiwatazama, na kinda wake huzaliwa akiwa na ncha kali za mdomo anazozitumia kuwaua makinda wenyeji. Kwa maneno mengine, swali la mzee lilihusu picha iliyokuwa ukutani wakati uleule kuliko chochote alichokisema mtoa mada. Katika mkoa unaojulikana nchi nzima kwa asali yake, tulikuwa na mtu anayemjua ndege huyo kwa vitendo, tukamnyamazisha ili tuendelee kutazama picha zilizopakuliwa mtandaoni, ambazo hata majina ya waliozipiga yalikuwa yamekatwa pembeni.

Najua watakuja wanaosema kwamba viongozi wanajitolea, kwamba kamera yenye lenzi ndefu ni ghali, na kwamba asiyeridhika aandae mazungumzo yake mwenyewe. Nawajibu kwamba yupo dada mmoja mwanachama ambaye huegesha simu yake kwenye darubini na kupiga picha, na ambaye amepata mumbi wakitembea kwenye shamba lililochomwa moto na ndege wengine wengi wa Igombe. Alijitolea kuzionyesha, akaambiwa hazina ubora. Ni kweli baadhi zina ukungu. Lakini kila moja anajua aliipiga wapi, mwezi gani, ndege alikuwa juu ya mti gani na alikuwa akifanya nini, na hayo hayamo katika picha hata moja kati ya zile tunazolipia.

Tena si kwamba nchi yetu haina historia ya kusimulia. Richard Böhm, Mjerumani aliyeishi Kakoma, kusini mwa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1880, alikusanya ndege wa misitu hii na kuwapeleka Berlin, na hadi leo yupo ndege mdogo wa miombo, mdaka wadudu mwenye kifua cheupe chenye madoa meusi, anayejulikana duniani kwa jina la Böhm. Mwenzake, Paul Reichard, naye jina lake limebaki kwa ndege wa jamii ya kwera anayepatikana Tanzania magharibi. Watu hufunga safari kutoka Ulaya kuwatafuta ndege hao. Sisi tunaoamka nao tunaonyeshwa tai wa nembo ya Marekani.

Ninachotaka kwa viongozi, na naomba mnijibu hapahapa mbele ya wanajamvi kwa sababu ofisini mmeshindwa, ni kwamba mazungumzo yajayo apewe yule dada kwa picha zake kama zilivyo, na yule mzee afuatwe nyumbani kwake, aombwe radhi na kualikwa rasmi, akae mbele na si nyuma, na apewe muda wa kutosha kabla umeme haujakatika. Picha yoyote itakayotoka kwingine itajwe imetoka wapi na aliyeipiga ni nani. Na ikiwa kamati imekwishaamua kuturudisha Serengeti kwa mara nyingine, basi tangazo liseme hivyo waziwazi, na tuliolipia ndege wa Tabora turudishiwe fedha zetu kabla ya siku hiyo.