Kigari cha kuvutia kayaki mchangani, magurudumu gani hayazami?

bamvua_paje: Wadau salama? Niko Paje, Zanzibar, nina kayaki mbili za plastiki za watu wawili nakodisha wageni, moja kama kilo 35 hivi. Bamvua likipiga maji yanakimbia mbali mpaka kina mama wa mwani unawaona kama nukta, na kayaki zangu ziko huku juu kwenye minazi. Nikamtafuta fundi akaniungia chuma na magurudumu mawili ya toroli, kule chini kwenye mchanga mgumu linateleza tu, ila hapa juu mchanga mkavu kama unga linachimba, mita 20 za kwanza mgongo wote unalia. Nitengeneze kingine au niagize cha nje?

fundi_mpira: Kaka umejaza upepo kama unabeba saruji. Punguza kwanza, bure hiyo, tairi ikilala inakanyaga pana haizami sana. Usitoe wote lakini, itavuka rimu ukikata kona. Dawa yenyewe ni yale magurudumu manene kama puto, yanajazwa psi (kipimo cha upepo) 2 mpaka 4 tu, ukibonyeza kwa kidole linaingia ndani. Bei inauma sikufichi. Mi niliagiza magurudumu peke yake, fremu nikaunda kwa mabomba ya PVC ya maji, ila ekseli weka ya stenlesi, PVC peke yake itapinda siku ya kwanza.

mama_kasia: Na umekifunga wapi hicho kigari? Mimi huku Mtwapa, Kenya, nilikuwa naweka mkiani kabisa, kumbe nusu ya chombo naibeba mwenyewe. Sogeza karibu na katikati, mkono utabaki wa kuongoza tu. Halafu usije ukanunua vile vya vijiti vinavyoingia kwenye matundu ya kutolea maji, changu kiligonga jiwe tundu likapasuka pembeni, mpaka leo nalipaka gundi. Sponji chini, mikanda ya tyubu juu, basi.

mshua_ngalawa: Jamani mita 20 tu ndo mnaagiza magurudumu ng'ambo? Ngalawa tunazishua kwa magogo siku zote. Kata bomba la inchi 4 vipande vitatu, sukuma, la nyuma likitoka mwenzio analirusha mbele. Ukifika mchanga mgumu pandisha kwenye toroli lako hilohilo. Na vigingi vya mwani pita mbali, usitutafutie kesi na kina mama.

bamvua_paje: 😂 Shekhe umenimaliza. Nimetoa upepo nusu nikasogeza ekseli katikati, leo jioni nimevuta peke yangu, bado linachimba ila nimefika. Mabomba kesho, nitamkamata mpwa wangu. Sasa beringi zinalia kwi kwi, na ni mwezi wa pili tu tangu fundi aniungie, grisi gani inavumilia chumvi?

fundi_mpira: Hakuna grisi itakayokuokoa, kila ukitoka mwagia maji yasiyo na chumvi. Zikifa toa, weka bushi za plastiki.