Uwanja wa timu ujengwe wapi: mjini, Ujiji au Mwandiga?

Fundi wa Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko Ujiji, na mbele ya banda kuna kijiwe cha kahawa. Kwa hiyo ubishi wa mpira naupata bure kuanzia asubuhi mpaka nafunga. Wiki hii ubishi ni mmoja: tuseme timu ya huku kwetu Kigoma imepata hela ya kujenga uwanja wake yenyewe, isitegemee tena uwanja wa Lake Tanganyika. Ujengwe wapi?

Vijana wanasema Mwandiga. Kule kuna nafasi, magari yatapaki bila kugombana, na watu wa Kasulu na Manyovu watashukia hapo hapo bila kuingia mjini. Wazee wanasema Ujiji, maana mpira wa Kigoma umezaliwa Ujiji (hilo wanalisema kila siku, ushahidi hawana). Muuza kahawa, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani maisha yake yote, anasema Kibirizi, ili watu wa vijiji vya ziwani washuke kwenye boti tiketi ikiwa mkononi.

Mimi mguu wangu wa kushoto ni mbovu, kwa hiyo jambo hili naliangalia kuanzia chini. Kwenda uwanjani si kazi. Weka uwanja hata juu ya mlima, watu watafika, kwa sababu wanaondoka nyumbani mmoja mmoja: huyu saa saba, yule saa tisa, mwingine anaingia kipindi cha pili na bado anauliza nani kafunga. Kazi iko kwenye kurudi. Refa akishapuliza cha mwisho, umati mzima unataka daladala dakika ile ile.

Mnakumbuka 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, hapa hapa Kigoma. Nyumbani kwangu walilala wageni wanne sebuleni, mmoja juu ya meza ya kukatia nguo. Mukoko wa Yanga akapewa nyekundu kabla ya mapumziko, Lwanga wa Simba akafunga kwa kichwa dakika ya 79, mpira ukaisha 1-0. Mimi ni Yanga. Nikatoka nje nikasimama barabarani. Daladala zinapita konda ananing'inia mlangoni, hata mkono wa kukupungia hana. Bodaboda aliyenileta asubuhi alinitajia bei ya kurudi, nikadhani ananiuzia na pikipiki. Nikaanza kutembea. Njiani nikakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, nikavua kiatu, nikauangalia mguu, nikakivaa tena. Nilifika Ujiji wale wageni wangu wameshakula wamelala.

Sasa niambieni, hasa mlioona viwanja vya kwingine. Nawasilisha.

Mgebuka Mkavu

Shikamoo fundi. Mimi mtoto wa Gungu, sasa naishi Dar, Tandika. Mechi ikiwa uwanja wa Mkapa natembea kwa miguu kwenda na kurudi, na wanaotoka mbali nao wanatawanyika, huyu anashika njia hii, yule ile. Ule unaingiza watu 60,000, lakini nikitoka sijutii.

Chamazi ndiyo hadithi nyingine. Azam wamejenga kwao, uwanja msafi, watu kama 10,000. Kipindi Mkapa umefungwa kwa ukarabati, Simba na Yanga wakawa wanachezea kule, nami nikafunga safari mechi ya saa moja usiku. Mpaka Mbagala Rangi Tatu sawa, halafu unaunganisha gari la Chamazi. Mpira umeisha saa tatu, nimegusa kitasa cha mlango wangu saa sita kasoro. Kesho yake kazini nilikuwa nasinzia wima.

Ila fundi, nikwambie na upande wa pili. Chamazi uwanja ulipojengwa ilikuwa pembeni kweli, leo nyumba zimeufuata mpaka ukutani. Mwandiga mnayoiona mbali, wajukuu wako wataiita mjini.

Fundi wa Ujiji

Marahaba mwanangu. Wajukuu wangu wana miguu mizima. Mimi nauliza Jumamosi ijayo nirudije.

Binti Kibirizi

Kaka fundi, umesema kweli, ila umesahau sisi wanawake. Mimi nauza migebuka ya kukaanga na mpira naupenda kuliko mume wangu anavyoupenda. Mechi ya saa kumi jioni naenda popote. Huku kwetu jua linazama karibu saa moja, wenzetu wa Dar giza limeshawaingilia zamani. Kwa hiyo mpira ukiisha kabla ya saa kumi na mbili, bado nina mwanga wa kutosha wa kurudi na beseni langu kichwani. Ukiniambia mechi ya usiku, uwanja wa pembeni, barabara haina taa, hapo mimi nakaa na redio.

Na jambo jingine. Uwanja ukiwa katikati ya watu, siku isiyo na mechi kuna mazoezi, bonanza, mashindano ya shule, mikutano ya injili, mama lishe wanauza. Ukiwa porini siku hizo zote wanauza popo.

Muuza kahawa wako mpe pongezi zangu, Kibirizi kwetu! Ingawa sijui uwanja atauweka wapi, labda juu ya mitumbwi.

Kamba na Kigingi

Nimefanya kazi ya kupima viwanja miaka mingi, niingie kidogo. Mnabishana kata ipi, mimi nauliza mteremko.

Sehemu ya kuchezea peke yake ni mita 105 kwa 68, karibu ekari moja na robo tatu, na lazima iwe tambarare. Ongeza majukwaa, vyumba, njia ya gari la wagonjwa, maegesho, geti za kutosha watu wasikanyagane. Kigoma tambarare ya namna hiyo mjini utaipata wapi? Utakata kilima, udongo utautafutia pa kumwaga, halafu masika maji ya juu yote yatakuja kulala kwenye penati boksi yako. Hela ya majukwaa itaishia kwenye greda.

Pili, uwanja unalazwa kaskazini kwenda kusini. Ukiulaza mashariki kwenda magharibi, kwa jua letu la jioni linalotokea upande wa ziwani, kipa mmoja kipindi kizima anadaka jua. Kiwanja cha mjini chembamba kinakulazimisha ulaze kilivyo. Kwa hiyo msiwacheke vijana wa Mwandiga.

Kocha wa Kitandani

Kuna watu yaliwakuta. Coventry City ya Uingereza, msimu wa 2013/14, waligombana na wenye uwanja kuhusu kodi, timu ikahamishiwa Northampton, zaidi ya kilomita 50. Mashabiki wengi wakagoma kulipa kiingilio. Nje ya ule uwanja kuna kilima, wakawa wanapanda huko wanachungulia mechi za timu yao za nyumbani kwa mbali. Septemba 2014 timu ikarudi Coventry.

Everton nao walikaa Goodison Park tangu 1892, mwaka 2025 wakahamia uwanja mpya kando ya mto Mersey. Watu walilia, lakini jiji ni lile lile, mwenye miguu anatembea anafika. Kuhama si tatizo, fundi. Angalia umehama hatua ngapi.

Fundi wa Ujiji

Nimewasoma wote, na habari ya Coventry nimemsomea muuza kahawa kwa sauti. Amefurahi sana. Anasema hicho kilima ndicho uwanja wake, hakina geti.

Kamba na Kigingi umenibana kwenye mteremko, sina la kukujibu, nguo nazijua, udongo siujui. Ila daladala ya Kigoma na Ujiji ipo kuanzia alfajiri, mpira uwepo usiwepo. Hiyo hujaileta wewe wala timu, imejileta yenyewe kwa sababu watu wapo. Mtafute tambarare yenu popote kandokando ya njia hiyo, hata ikiwa finyu, hata majukwaa yakiwa ya upande mmoja kwa kuanzia. Mkinipeleka Mwandiga itabidi mniletee magari ya siku ya mechi, na magari ya siku ya mechi nimeshayaona yalivyo. Mzee mmoja hapa anasema tumpe Mwandiga uwanja, Ujiji tubaki na mwembe wetu wa watalii. Hajalala vizuri huyo.

Dada wa Kibirizi, la taa za barabarani sikuwa nimeliwaza. Nimelipeleka kijiweni, wamenyamaza kidogo.

Mgebuka Mkavu

Sawa fundi. Na ile jezi yangu niliyokuachia mwezi wa sita uipunguze mikono?

Fundi wa Ujiji

Ipo mashineni. Mtume mdogo wako kesho.