Kijapani na Kikechua vinafanana hivi, je, ni ndugu? Naomba ushauri kabla sijachanganya mambo

Mpwani wa Aichi:

Habari zenu wadau wa lugha. Nipo Japani, mkoa wa Aichi, mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula. Desemba nina mtihani wa Kijapani daraja la N3, yaani la kati, na nimeukazania kwelikweli.

Kazini yuko mama mmoja kutoka Ayacucho, Peru. Mumewe ni mjukuu wa Wajapani waliohamia kule, na walikuja huku baada ya sheria ya uhamiaji ya 1990 kuwafungulia mlango wajukuu kama yeye. Lugha ya kwanza ya huyu mama ni Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes, Kihispania alikikuta shuleni. Mimi naye tunaongea Kijapani, maana hatuna lugha nyingine ya kukutania.

Wiki iliyopita, wakati wa chakula, nilimweleza kwamba mpaka leo sentensi ya Kijapani lazima niigeuze kwanza kichwani ndipo niitoe. Akashangaa. Akasema hilo halijamsumbua hata siku moja, kwa sababu kwao pia kitenzi kinakuja mwisho. Akachukua leso ya karatasi, akaandika:

Pan o taberu.
Tantata mikuni.

Akavikata vipande kwa kalamu. *Pan* ni mkate, *o* inaonyesha kinacholiwa, *taberu* ni kula. *Tanta* ni mkate, *-ta* inaonyesha kinacholiwa, *mikuni* ni nakula. Chini yake akaongeza *uchi kara* na *wasimanta*, yote mawili "kutoka nyumbani", na ile "kutoka" imekaa nyuma ya nyumba badala ya mbele. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani, naiangalia kila nikirudi kazini.

Amejitolea kunifundisha. Sasa naombeni ushauri. Je, lugha hizi zina asili moja? Nianze sasa au nisubiri mtihani upite? Na je, nijifunze Kikechua chake cha Ayacucho wakati vitabu vingi ninavyoviona ni vya Cusco, mji mwingine wa Peru?

Mwalimu Mstaafu:

Kijana wangu, hongera kwa kupata mwalimu wa namna hiyo mezani kwako.

Kuhusu undugu, jibu ni hapana. Hakuna aliyethibitisha kwamba Kijapani na Kikechua vina mama mmoja. Mpangilio wa maneno peke yake hauthibitishi udugu. Kitenzi kukaa mwisho utakukuta kwenye Kikorea, Kituruki, Kitamili, hata Kioromo cha majirani zetu kaskazini mwa Kenya na Ethiopia. Na lugha ikishaweka kitenzi mwisho, mara nyingi na viunganishi vyake vidogo huhamia nyuma ya nomino. Mambo hayo hutembea pamoja.

Undugu hutafutwa kwenye maneno ya msingi na sauti zinazobadilika kwa utaratibu. Sisi tunasema maji, Mnyarwanda *amazi*, Mzulu *amanzi*. Sisi macho, wao *amaso* na *amehlo*. Unaona damu inavyojitokeza. Sasa weka Kijapani na Kikechua cha huyo mama: maji ni *mizu* na *yaku*, jicho ni *me* na *ñawi*, mkono ni *te* na *maki*, moto ni *hi* na *nina*. Hakuna kinachoshikana na chenzake.

Tena ujihadhari na sauti zinazofanana. Hiyo *-ta* ya *tantata* inaonyesha kinacholiwa, lakini *-ta* ya *tabeta* ni wakati uliopita: alikula. Zimekutana njiani tu.

Binti Pangani:

Kaka, niliishi Cusco miaka miwili na Kijapani nilikisoma kabla ya hapo, kwa hiyo ruhusu niseme kidogo kwa urefu.

Mpangilio ni mlango tu. Ukiingia ndani utaona kuna sehemu Kikechua kinamwacha Mjapani na kuja kukaa karibu na Mswahili. Chukua "nakupenda". Kwetu ni neno moja, na ndani yake wamo wawili, anayependa na anayependwa. Huko Ayacucho watasema *kuyayki*, neno moja pia, nalo lina wote wawili, ila sisi tumewaweka mbele ya mzizi na wao nyuma. Mjapani hana hata mmoja ndani ya kitenzi chake, anakuachia uwatambue kwa mazingira. Au sema "njaa inaniuma". Mama yako atasema *yarqawachkan*, na ile *-wa-* ni "-ni-" yetu kabisa: njaa ndiyo inayotenda, mimi natendwa. Na kutendesha: kula, lisha, *mikuy*, *mikuchiy*, *taberu*, *tabesaseru*. Hapo wote watatu wamekaa meza moja.

Mkazo nao mara nyingi ni uleule wetu, silabi ya pili kutoka mwisho. Midomo yako inaujua tayari.

Lakini kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni hiki: Kikechua kinakudai useme umejuaje. Mvua inanyesha nje. Kama umeiona, ni *parachkanmi*. Kama umeambiwa, *parachkansi*. Kama unakisia tu kwa kuwa wanaoingia wamelowa, *parachkanchá*. Vipande hivyo si pambo. Watu wanaposimuliana habari utavisikia tangu mwanzo mpaka mwisho, na ukikosea unaonekana umedai kuona usichokiona.

Kijapani kinayo njia yake: *futte iru* ukiwa unaiona, *futte iru sō da* ukiwa umesikia, *futte iru yō da* ukiwa unahisi kwa dalili. Tena Kijapani ni kikali kwenye hisia za mtu mwingine. Mimi nikisikia baridi nasema *samui*, lakini wewe siwezi kukusemea hivyo moja kwa moja, lazima niseme *samugatte iru*, yaani unaonyesha kusikia baridi. Hapo ndipo N3 huwaangusha wengi, na hapo ndipo mama huyo atakusaidia.

Kiswahili tunalo "eti", ila eti yetu ina harufu ya kutoamini. *-si* haina harufu hiyo, inasema tu kwamba habari imetoka kwa mwingine. Na iko *-sqa*. Ukiamka asubuhi ukakuta matope mlangoni, unasema *parasqa*. Hiyo, kaka, ni "kumbe" yetu: kumbe mvua ilinyesha! Nilipoielewa kwa njia ya kumbe sikuisahau tena. Hutumika pia kwenye ndoto, hadithi za kale, na yaliyokupata ukiwa mtoto mchanga. Ulikuwepo, lakini hukushuhudia.

Nyakato:

Mimi nashauri usubiri. Mtihani umelipia, na ukichanganya *-ta* mbili alizosema Mwalimu siku ya mtihani utajuta. Januari si mbali.

Binti Pangani:

Dada Nyakato, ningekubali kama angetaka kusoma kwa vitabu. Lakini ni dakika ishirini za chakula na mtu anayempenda mgeni wake. Asiandike kitu mpaka Desemba. Asikilize tu, na amwombe mama aeleze kwa Kijapani. Kila somo la Kikechua litakuwa pia zoezi la Kijapani.

Kijito:

Niongeze la undugu wa kweli, wa damu. Mwulize huyo mama anavyowaita ndugu zake. Mjapani anauliza umri: kaka mkubwa *ani*, dada mkubwa *ane*, mdogo wa kiume *otōto*, wa kike *imōto*. Kikechua kinauliza anayesema ni nani. Mwanamume humwita ndugu yake wa kiume *wawqi* na wa kike *pani*. Mwanamke humwita ndugu yake wa kike *ñaña* na wa kiume *turi*. Wengi watadhani ni jambo geni, wakati wazee wetu wa pwani walikuwa na "umbu", ndugu wa jinsia nyingine, na wachache wanalitumia leo. Bibi yangu alimwita babu mdogo umbu lake mpaka anaingia kaburini.

Mwalimu Mstaafu:

Umenikumbusha mbali, Kijito.

Kuna jambo moja la historia ambalo mleta uzi atalipenda. Lugha hizi mbili zilichambuliwa na Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, karibu miaka ileile. Nagasaki, João Rodrigues alichapisha sarufi yake ya Kijapani kati ya 1604 na 1608. Lima, Diego González Holguín alitoa sarufi ya Kikechua 1607 na kamusi 1608. Wote walitoka na kipimo cha Kilatini mkononi. Ndiyo maana mpaka leo ukifungua vitabu vya Kikechua utakuta *-ta*, *-man* na *-manta* zimepangwa kama miisho ya nomino za Kilatini. Wewe pima kwa Kiswahili, una viambishi vyako.

Kuhusu lahaja, fuata ya mama. Ayacucho na Cusco wanasikilizana vizuri. Tofauti kubwa ni sauti: Cusco wana *t'anta* kwa mkate, *thanta* kwa kitu kilichochakaa na *tanta* kwa mkusanyiko, wakati Ayacucho hawana sauti hizo za kupasuka na kupumua, mkate wao ni *tanta* tu. Ni rahisi zaidi kuanzia hapo. Kikechua cha Huaraz, huko Ancash, ndicho kiko mbali, na msemaji wa Ayacucho hupata taabu kukifuata.

Mpwani wa Aichi:

Asanteni sana, shikamoo Mwalimu, na dada Binti Pangani Mungu akuzidishie. Nimeamua kusikiliza tu mpaka Desemba, daftari litakuja baadaye.

Leo nimejaribu. Chumba chetu cha kulia hakina dirisha. Dereva wa lori alikuwa amepita akasema nje mvua imeanza, nami nikamgeukia mama nikamwambia kwa kujiamini, *parachkanmi*. Akaweka vijiti vyake chini, akanitazama, akaniuliza kwa Kijapani: *Mita no?* Umeiona? Nikasema hapana, amesema dereva. Akatikisa kichwa taratibu, akarudia silabi kwa silabi mpaka nikaitoa sawasawa: *parachkansi*. Kisha tukatoka wote wawili mpaka mlango wa nyuma. Ilikuwa inanyesha kweli. Akaninyooshea kidole kuelekea nje, akasubiri nilitamke upya.