Mrejesho: kumpima mzee kumeza nyumbani

Wakuu, nashukuru kwa majibu. Kwa waliokosa: baba alipata kiharusi, akawa anakohoa kila akinywa chai, nikauliza kama naweza kufuatilia umezaji wake kwa vifaa vya bei ndogo.

Nilichukua kisahani cha piezo (kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme), kile cha kunasia sauti ya gitaa, nikakibandika kwa plasta pembeni ya kikoromeo na kukiunganisha na simu. Akimeza, mchoro unaruka. Shida ni kwamba unaruka pia akiongea, akikohoa, hata akigeuka kumfokea mjukuu. Ikabidi niweke na kidole changu pale kooni kuthibitisha kila mruko, na kusema kweli kidole kilishinda.

Kipimo chenyewe: ameze mate mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Chini ya mara 3 ni dalili mbaya. Baba alipata 2, siku tatu mfululizo.

Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kilisoma asilimia 97 muda wote, nikaanza kujifariji. Aliyenionya humu alikuwa sahihi: kinywaji kinaweza kuingia njia ya hewa bila kikohozi wala oksijeni kushuka.

Tukampeleka kwa mtaalamu, akapigwa eksirei ya video huku akimeza bariamu, dawa inayoonekana kwenye eksirei. Chai nyepesi ilikuwa inapenya kwenye njia ya hewa; kitu kizito kinapita salama. Sasa vinywaji vyake vinatiwa unga wa kuvifanya vizito, na anakunywa akiwa ameketi wima. Analalamika kuwa chai imegeuzwa uji. Kisahani nimekirudisha kwenye gitaa.