Je, mashine inaweza kutoa kanuni kutokana na mifano?

Swali, Njoro: Programu ya simu imefunzwa kwa picha 1,000 za majani ya mahindi, mazima na yenye michirizi. Ikionyeshwa jani la shamba jipya, inataja ugonjwa. Huko ni kutoa kanuni kutokana na mifano, au ni kukariri tu?

Jibu, Kisumu: Ni kutoa kanuni. Kukariri kungeishia kwenye zile picha 1,000. Shida ni kwamba kanuni yenyewe huenda siyo unayoidhani. Majani magonjwa yakipigwa picha mezani na mazima shambani, mashine hujifunza meza. Kwa hiyo, mnapopima, msigawe picha kwa kura: picha mbili za mmea mmoja zitaangukia moja upande wa mafunzo na nyingine upande wa kupima, na alama zitapanda kwa uongo. Gawanyeni kwa mashamba. Mkiwa na mashamba 20, manne yasiguswe hadi siku ya kupima.

Jibu, Nakuru: Kweli kabisa. Tom Mitchell, mtafiti wa mashine zinazojifunza, alieleza mwaka 1980 kwamba bila upendeleo wa awali, yaani dhana inayowekwa kabla ya mafunzo, mashine haiwezi kuvuka mifano iliyopewa. Upendeleo huo tunauweka sisi, kwa mfano kwamba doa ni lilelile, liwe ukingoni au katikati ya jani.

Muulizaji: Asanteni. Na ugonjwa ambao haukuwamo kwenye mafunzo?

Kisumu: Italazimisha mojawapo ya majina inayoyajua, mara nyingi kwa uhakika mkubwa. Wekeni kiwango cha chini cha uhakika. Jibu likiwa chini yake, jani liende kwa afisa wa kilimo. Hata hivyo majibu mengine yasiyo sahihi yatapenya, kwa hiyo kagueni pia baadhi ya yaliyovuka kiwango hicho.